Unga wa hina na mkunazi: Fedha za mwezi Juni zilizolala uani Mtwara

MKULIMA wa Mtwara hupata fedha nyingi mara moja kwa mwaka, minada ya korosho inapofunguliwa kuanzia Oktoba. Fedha hizo zikiisha, miezi ya Mei hadi Septemba huwa migumu. Msimu wa mwaka 2018 ulionyesha hatari ya kutegemea zao moja. Baada ya bei za wanunuzi kukataliwa, Serikali iliamua kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi kadhaa.

Wakati huo huo, katika nyua nyingi za mwambao, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma, ipo mimea ambayo wenyewe hawaihesabu kuwa mali. Miwili kati yake ni mhina na mkunazi. Majani yake yakikaushwa na kusagwa hutoa unga wa kusafisha, kulainisha na kutunza nywele, kazi ambayo wanawake wa Pwani waliijua kabla ya saluni kuanza kutumia dawa za viwandani.

Mimea hii miwili haifanyi kazi moja. Majani ya mkunazi yana saponini, kemikali inayotoa povu kama sabuni, pamoja na utelezi unaoziacha nywele zikiwa laini na rahisi kuchanwa. Ndiyo maana majani hayo hutumika pia kuosha maiti kwa taratibu za Kiislamu. Nchini Oman na nchi nyingine za Ghuba, unga wa sidri, ambao ni ndugu wa mkunazi wetu, huuzwa madukani kama shampuu.

Mhina una rangi iitwayo lawsoni, ambayo hushikana na protini ya unywele na kuufunika, hivyo unywele huonekana mnene na wenye kung'aa. Hata hivyo, hina peke yake hukausha nywele, kwa hiyo mtumiaji hushauriwa kupaka mafuta ya nazi baada ya kuosha. Utafiti wa nchini India uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini. Kwa mkulima mwenye minazi, hiyo ni bidhaa ya pili ya kuuzwa pamoja na unga.

Salfa ni adui wa kwanza

Kwa kuwa Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, wakati mzuri wa kuvuna majani ni mwishoni mwa mvua, Mei na mwanzoni mwa Juni, yakiwa yamekomaa. Baada ya hapo wakulima huanza kupuliza mikorosho salfa ili kuzuia ubwiriunga. Vumbi la salfa husafiri na upepo na kutua kwenye majani ya jirani. Majani yaliyovunwa karibu na shamba lililopulizwa hayafai kwa unga wa kupaka kichwani. Anayetaka kuifanya biashara hii kwa uhakika apande mihina yake mbali na mikorosho. Mhina hustahimili ukame, huota kwa vipandikizi, na ukishakomaa huvunwa kwa miaka mingi.

Majani yaoshwe, yatandazwe kivulini juu ya kichanja kwa tabaka jembamba na yageuzwe kila siku. Jua kali hupunguza nguvu ya hina. Yakivunjika kwa urahisi mkononi, yatwangwe au yasagwe kwenye mashine iliyosafishwa mabaki ya unga wa mahindi, kisha yachekechwe kwa kitambaa chepesi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo unga ufungwe siku hiyo hiyo katika vifungashio visivyopitisha hewa na uwekwe mahali pasipo na mwanga. Unga wenye kuvu utupwe, usichanganywe na mzuri.

Faida ni ndogo kwa pakiti

Tuchukue hesabu ya mfano, ambayo kila mmoja ataibadilisha kwa bei za kijiji chake. Kilo 10 za majani mabichi zitoe kilo 2.5 za unga laini, yaani pakiti 25 za gramu 100. Zikiuzwa Sh1,000 kila moja, mapato ni Sh25,000. Uchumaji na ukaushaji Sh8,000, kusaga Sh2,000, vifungashio na lebo Sh5,000, usafiri Sh2,000, jumla Sh17,000. Inabaki Sh8,000, sawa na Sh320 kwa pakiti. Pakiti tano tu zikiharibika kwa kuvu, ziada hiyo inashuka hadi Sh3,000. Faida ya biashara hii, kwa hiyo, inategemea zaidi ukaushaji kuliko wingi wa majani.

Mfanyabiashara anayenunua kwa jumla naye ajilinde. Akoroge kijiko cha unga kwenye glasi ya maji. Mchanga utazama chini. Unga wa kijani kinachong'aa mno unaweza kuwa umetiwa rangi. Unaoitwa "hina nyeusi" si hina. Mara nyingi una kemikali ya PPD, ile ile ya piko, inayoweza kuunguza ngozi na kuleta mzio mkali. Hata hina halisi isipakwe watoto wachanga, kwani wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kupungukiwa damu kwa ghafla.

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO mkoani kwa ushauri wa usindikaji, vifungashio na taratibu za kuomba alama ya ubora. Lebo itaje mmea, uzito, tarehe na mahali pa kutengenezwa. Isiandikwe kwamba unga unakuza nywele au unatibu upara, kwa sababu dai la kutibu huigeuza bidhaa kuwa dawa, yenye masharti mengine.

Ushindani upo. Hina ya mji wa Sojat, katika jimbo la Rajasthan nchini India, ina jina duniani na mwaka 2021 ilipewa hakimiliki ya kijiografia. Mtwara haiwezi kushindana nayo kwa wingi. Inachoweza kuuza ni unga mpya ambao mnunuzi anamjua aliyeuchuma. Ni vyema vikundi vya wanawake vikaanza na saluni za mjini Mtwara na Masasi, zenye kazi ya stimingi kila wiki, vikapima ni pakiti ngapi zinarudi kuulizwa, ndipo viongeze mihina shambani.