Fahamu: Nani huhesabiwa kuwa hajiwezi mbele ya mahakama Rwanda?

Mkazi wa Nengo, Gisenyi, akitaka kupinga uamuzi wa wilaya yake ya Rubavu, tuseme wa kiwanja, jambo la kwanza ni pesa: ada ya kufungua kesi ataitoa wapi? Nchini Rwanda asiyejiweza anaweza kusamehewa ada hiyo akionyesha cheti cha serikali ya mtaa. Ushauri ni bure katika MAJ, ofisi za Wizara ya Sheria zilizopo kila wilaya, Rubavu ikiwemo.

Kupata cheti ndiko kwenye kazi. Kwa miaka mingi kipimo cha nani asiyejiweza kilikuwa ubudehe: wanakijiji walikaa pamoja na kupanga kaya kwa makundi ya uwezo. Jirani anajua nani ana ng'ombe. Anajua pia nani amekosana naye, na malalamiko hayakukosekana. Siku hizi taarifa za kaya huingizwa kwenye mfumo wa Imibereho.

Lakini mchuuzi anayevuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière kuuza mboga Goma, upande wa Kongo, hana hati ya mshahara. Mpaka ukifungwa, kipato chake cha wiki iliyopita hakilipi ada ya leo. Huyo aieleze serikali ya mtaa hali yake ilivyo sasa: pango analodaiwa, watoto anaowalisha, mtaji uliobaki.