Je, Wajua? Nyota za Karatasi, Chupa ya Chai na Mfanyakazi Wako

Sogea kidogo hapa kwenye benchi, wewe mwenye saluni, duka au cherehani tatu pale Obokote. Mfuko ni mwembamba na vijana wanataka moyo wa kazi, najua. Sikia haya.

Je, wajua kwamba nyota za karatasi ziliwahi kushinda pesa? Huko Lusaka, Zambia, wasusi na vinyozi zaidi ya 1,200 walipewa kazi ya ziada ya kuuza kondomu za kike. Wengine walipata faida ya pesa kwa kila pakiti, wengine waliwekewa nyota tu kwenye bango ambalo kila mteja aliliona. Wa nyota wakauza mara 2 ya wa pesa!

Unabisha? Twende Ujerumani. Vijana waliajiriwa kuorodhesha vitabu vya maktaba kwenye kompyuta, euro 12 kwa saa. Kundi moja likaongezewa euro 7 bila kutarajia, na kasi ikabaki karibu palepale. Kundi jingine likapewa chupa ya chai ya bei hiyohiyo, imefungwa vizuri kwa karatasi ya zawadi, na kazi ikapanda kwa asilimia 25!

Bado. Watafiti wakachukua zile euro 7, wakakunja noti ya 5 ikawa shati dogo, na sarafu ya 2 wakaichora uso unaocheka. Kazi ikapanda kama ilivyopanda kwa chupa! Kumbe mtu alikuwa anaangalia umehangaika kiasi gani kwa ajili yake. (Usijaribu na noti zetu za faranga 500 lakini. Zilivyochakaa, shati litachanika mikono.)

Na asante je, inagharimu ngapi? Mwaka 2010 Marekani ilichapishwa habari ya wapiga simu 41 wa kuchangisha pesa za chuo. Mkurugenzi alikwenda kwa nusu yao, akawaambia ana kwa ana kwamba anawashukuru kwa jasho lao. Wiki iliyofuata simu zao zikaongezeka kwa zaidi ya nusu, na wale wasioshukuriwa wakabaki walipokuwa.

Sasa nisikudanganye, ndugu yangu: nyota hainunui sombe. Kwa hiyo pokea hii. Huko Odisha, India, washonaji wa sahani za majani waliolipwa kwa kila sahani waligawanywa makundi mawili. Malipo yalikuwa yaleyale, ila kundi moja lilipata sehemu yake mapema. Sahani zikaongezeka kwa karibu asilimia 7 na makosa yakapungua, maana kichwa kilikuwa kimetua madeni! Wewe unayesema “njoo kesho” kila mwisho wa mwezi, umeisikia?

Palepale Odisha, wengine waligundua kwamba jirani wa kazi analipwa zaidi yao. Wakaanza kukosa kazini, hata wakapoteza asilimia 9 ya mapato yao wenyewe! Ila pale ilipoonekana wazi kwamba jirani huyo anatengeneza vingi zaidi, hakuna aliyenuna.

Je, wajua kwamba kuhamahama kwa wafanyakazi kunaweza kumfilisi hata tajiri? Mwaka 1913 Henry Ford aliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu abaki na kama 14,000 kiwandani! Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara 2 ya zamani, na watu wakatulia.

Usingizi nao! Mjini Chennai, India, waingiza taarifa kwenye kompyuta walioruhusiwa kulala nusu saa mchana, palepale ofisini, walifanya kazi vizuri zaidi. Waliosaidiwa kulala nusu saa zaidi usiku, nyumbani kwao, hawakubadilika. Godoro moja nyuma ya duka, basi.

Na vichwa vya vijana wako, unavitumia? Toyota wanapokea mawazo ya wafanyakazi wao tangu 1951, kwa mpango rasmi. Tena wingi wa watu si wingi wa nguvu: Mfaransa Max Ringelmann alionyesha mwaka 1913 kwamba watu 8 wakivuta kamba moja, kila mmoja anatoa chini ya nusu ya nguvu zake! Kwa hiyo kabla hujaajiri wa nne, hebu watazame hao watatu ulio nao.

Ya mwisho ni ya kwetu. Je, wajua kwamba Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inampa mfanyakazi siku 2 za kuoa au kuolewa, siku 2 mkewe akijifungua, siku 4 akifiwa na mwenzi au mzazi? Na siku moja mtoto wake akifunga ndoa! Tena likizo ya mwaka inaongezeka siku 1 kwa kila miaka 5 aliyokutumikia. Yule fundi wako wa miaka 10, umeshampa zake 2?