Triathloni Fupi: Kilomita 25 na Ushei kwa Mwanamichezo wa Ridhaa

Triathloni fupi ni shindano la michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Saa huanza kuhesabu mwanzo wa kuogelea na haisimami mpaka mshindani avuke mstari wa mwisho. Muda wa kujifuta maji, kuvaa viatu na kuhangaika na kamba za kofia nao umo. Mabingwa wa dunia humaliza chini ya saa moja. Mtu wa ridhaa, yaani mwalimu, muuguzi au fundi anayefanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa kawaida hutumia dakika 75 hadi 110.

Masafa hayo huwadanganya wengi. Anayekimbia kilomita 5 kila Jumamosi na kwenda kazini kwa baiskeli hutazama namba hizo akaona hakuna kazi, na kwa kila mchezo peke yake ana haki ya kusema hivyo. Ugumu umejificha kwenye maungio: pale mwili unapotoka kulala majini na kulazimika kusimama, na pale miguu iliyozoea kuzungusha pedali inapotakiwa kukimbia. Kisha, kwa kuwa shindano ni fupi, pumzi iliyotapanywa katika dakika tano za kwanza haipati nafasi ya kurudi.

Mchezo wenyewe si wa kale. Shindano la kwanza kuitwa triathloni lilifanyika Mission Bay, mjini San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Waliolibuni ni Jack Johnstone na Don Shanahan wa klabu ya riadha ya mji huo, na washiriki walikuwa 46. Siku ile walianza kwa kukimbia, wakapanda baiskeli, na kuogelea kukaachwa mwishoni. Mpangilio wa sasa umegeuzwa, na kwa sababu nzuri: aliyechoka barabarani anaweza kukaa chini kando ya njia, lakini aliyechoka majini hana pa kukaa. Mwaka 1978 lilifuata Ironman la Hawaii, la kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na mbio kamili ya marathoni, ambapo kati ya watu 15 walioanza walimaliza 12. Ndilo lililoupa mchezo sifa ya kuwa wa watu wenye kichaa kidogo, sifa ambayo triathloni fupi haistahili. Shirikisho la kimataifa liliundwa Avignon, Ufaransa, mwaka 1989, na mchezo ukaingia Olimpiki huko Sydney mwaka 2000 kwa masafa ya kilomita 1.5, 40 na 10. Triathloni fupi ni nusu kamili ya masafa hayo.

Vifaa huwatisha watu kuliko inavyostahili. Baiskeli za mashindano za bei ya gari dogo zipo, lakini kanuni hazimlazimishi mtu kuwa nayo. Kinachotakiwa ni baiskeli nzima, yenye breki inayofanya kazi kwa kila gurudumu, na ncha za usukani zilizozibwa, maana bomba la chuma lililo wazi linaweza kumtoboa mtu anapoanguka. Baiskeli ya milimani hufaa, ila matairi yake mapana hula nguvu. Kofia ngumu ni lazima. Suti ya mpira ya kuogelea hutegemea joto la maji: kwa washiriki wa ridhaa huruhusiwa maji yasipozidi nyuzi 22, hivyo katika Bahari ya Hindi haina kazi, na katika maziwa ya Ulaya ni vigumu kuanza bila hiyo.

Majini ndiko wageni wa mchezo huu huteseka zaidi. Washiriki hupangwa kwa makundi, mara nyingi kwa umri, na kila kundi hupewa kofia za rangi yake. Honi inapolia, watu kadhaa huvamia kipande kimoja cha maji kwa pamoja. Kiganja cha mtu kinatua mgongoni, kisigino cha mwingine kinang'oa miwani, na anayegeuza uso kuvuta hewa anakutana na wimbi lililorushwa na mkono wa jirani. Chini hakuna mstari mweusi wa kufuata kama ule wa bwawa la hoteli. Kuna giza la kijani tu. Maji yakiwa baridi, kifua hubana na pumzi hukatika, na suti ya mpira iliyokaza shingoni huongeza hofu. Mapigo ya moyo hupanda kabla hata mita 100 hazijaisha. Hapo mwogeleaji aliyezoea kumaliza mita 1,000 bwawani bila shida hujikuta ameinua kichwa, anapiga maji kwa mikono na haendi popote.

Dawa yake inajulikana. Kwanza ni mahali pa kusimama: mgeni husimama pembeni au nyuma ya kundi, akaacha wenye haraka waende, na sekunde 10 anazopoteza hapo ni nafuu kuliko dakika mbili za kutafuta pumzi. Pili ni kutoa hewa yote uso ukiwa ndani ya maji, kwa sababu anayehisi hapati hewa mara nyingi ni yule ambaye hajaitoa ya zamani. Hofu ikizidi, kanuni zinaruhusu kulala chali, kuelea, hata kushika boya au kayaki ya waokoaji mpaka roho itulie, mradi mtu asisogezwe mbele. Wengi hawajui ruhusa hiyo, wakapambana pasipo sababu. Anayetaka msaada hasa huinua mkono.

Kisha kuna suala la kwenda mbele kwa mstari. Kila baada ya mikono michache mwogeleaji hutoa macho juu ya maji kidogo tu, kama ya mamba, akalitafuta boya, kisha uso ukarudi chini. Asiyefanya hivyo huogelea upinde mkubwa akalipa mita nyingi ambazo hazikuwamo kwenye ratiba. Kijana aliyekulia Pwani huwa na faida moja na hasara moja hapa. Maji ya chumvi na mawimbi hayamtishi hata kidogo, lakini mara nyingi amejifunza kuogelea kichwa kikiwa juu muda wote, mtindo unaochosha shingo na kuzamisha miguu. Kwa wanaofanya mazoezi ziwani, hasa Ziwa Viktoria, kichocho nacho ni jambo la kulifikiria kabla ya kuvua shati.

Hatari ya kweli ipo, ingawa ni ndogo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliopitia mashindano ya huko tangu 1985 hadi 2016, ulihesabu matukio 135 ya vifo na mioyo kusimama ghafla, ajali zikiwemo, na 90 kati yake yalitokea wakati wa kuogelea. Kwa jumla ni chini ya mawili kwa kila washiriki 100,000. Waliopatwa walikuwa zaidi wanaume wa umri wa kati na kuendelea, na karibu nusu ya waliopasuliwa baada ya kufa walikutwa na ugonjwa wa moyo. Mwanamume wa miaka 45 anayeanza mchezo huu ana sababu ya kumwona daktari kwanza, na mwenye maumivu ya kifua siku ya mashindano hana sababu ya kuingia majini.

Anayetoka majini husimama akiwa na kizunguzungu. Kwa dakika 15 au 20 alikuwa amelala, damu nyingi ikihudumia mikono na mabega. Sasa anatakiwa kukimbia kupanda ufuko hadi eneo la kubadilishia. Eneo hilo ni uwanja uliozungushiwa uzio, wenye vyuma virefu vilivyotundikwa mamia ya baiskeli zinazofanana. Mwenye busara alipita hapo asubuhi, akahesabu safu kutoka mlango wa kuingilia, akakariri mti au nguzo iliyo karibu na baiskeli yake. Asiyefanya hivyo huonekana akikimbia huku na huko, maji yakimtiririka, akisoma namba moja moja.

Kofia ya baiskeli huachwa juu ya usukani ikiwa imepinduliwa, kamba zake zikining'inia nje, ili ivaliwe kwa mwendo mmoja. Viatu hufunguliwa kabisa na kunyunyiziwa poda, maana mguu wenye maji hauingii kirahisi. Soksi ni uamuzi wa mtu: sekunde 20 za kuzivaa au malengelenge kilomita ya tatu ya mbio. Kanuni moja haina mjadala: kofia hufungwa kabla baiskeli haijaguswa, na haifunguliwi mpaka baiskeli imerudi mahali pake. Baiskeli husukumwa kwa mkono hadi mstari wa kupandia uliochorwa barabarani, na hakuna anayepanda kabla ya kuuvuka. Hata vigogo huteleza hapo. Kwenye Olimpiki ya London 2012, Jonathan Brownlee wa Uingereza aliwahi kidogo kupanda, akaadhibiwa kusimama sekunde 15, na akamaliza wa tatu nyuma ya kaka yake Alistair aliyetwaa dhahabu.

Baiskeli ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na kwa mtu wa ridhaa ndiyo ya kupumua. Huchukua dakika 40 hadi 55, karibu nusu ya shindano zima. Adui mkuu ni upepo: kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo hewa inavyokula nguvu, na anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu hizo. Ndiyo maana mashindano mengi ya ridhaa hukataza kujificha. Mshindani huacha nafasi ya mita 10 hivi, na akiingia ndani yake lazima apite haraka au arudi nyuma. Mwamuzi wa pikipiki huzunguka na adhabu zake. Kila mtu hukaa upande wa barabara unaotumiwa na nchi husika, kushoto Kenya na Tanzania, kulia Rwanda, na hupita wengine kwa upande wa pili. Ukipata pancha ni yako peke yako. Tyubu ya akiba na pampu ndogo huning'inia chini ya tandiko, na asiyejua kubadilisha tyubu shindano lake limeishia hapo.

Kosa la kawaida kwenye baiskeli ni kutumia gia nzito kwa sababu inatoa hisia ya nguvu. Mapaja hujaa uchovu bila mwenyewe kujua, kwani akiwa amekaa hauhisi vizuri. Wazoefu huzungusha pedali kwa wepesi, hunywa maji kidogo kidogo hata bila kiu, na kilomita ya mwisho hushusha gia kabisa. Chakula si hoja kubwa kwa shindano la muda huu: uji au mkate na ndizi mbili saa mbili au tatu kabla hutosha, na nishati iliyomo kwenye misuli itafika mwisho.

Baiskeli ikishatundikwa, huja mshtuko ambao kila anayeshiriki mara ya kwanza huusimulia. Miguu haitii. Inakuwa mizito na migumu kwenye nyonga, hatua zimefupika, na mtu anahisi anakimbia mahali pamoja. Misuli imefanya kazi ya mzunguko kwa karibu saa nzima, bila kubeba uzito wa mwili, na ghafla inapewa kazi ya kubeba na kupokea kishindo cha kila hatua. Ajabu ni kwamba hisia hiyo ya kwenda polepole mara nyingi ni ya uongo. Miguu iliyozoea mwendo wa pedali huendelea na kasi yake, na wengi hukimbia kilomita ya kwanza kwa kasi kuliko walivyopanga, kisha wakavunjika kabla ya ya tatu. Anayevaa saa huitazama kilomita ya kwanza na kuiamini kuliko miguu yake. Hatua fupi na mabega yaliyolegea husaidia, na baada ya dakika tano hadi kumi miguu hurudi kwa mwenyewe. Mazoezi ya kutibu hali hii ni kukimbia dakika 10 tu mara baada ya kushuka baiskeli, mara moja kwa wiki, na ni zoezi ambalo wengi huliruka kwa sababu halipendezi.

Joto huongeza hesabu yake. Jonathan Brownlee yuleyule, akiongoza fainali ya msururu wa dunia huko Cozumel, Meksiko, mwaka 2016, alianza kuyumba mita mia chache kabla ya mwisho. Kaka yake alimshika bega, akamkokota na kumsukuma avuke mstari, Henri Schoeman wa Afrika Kusini akiwa ameshapita na ushindi. Ikiwa bingwa anaweza kufikia hapo, mtu wa ridhaa anayekimbia saa nne asubuhi kwenye unyevu wa Pwani hapaswi kuona aibu kutembea kwenye kituo cha maji, kunywa nusu kikombe na kujimwagia nusu iliyobaki kichwani.

Baada ya mstari wa mwisho mshindani huvuliwa chipu ya kupima muda kifundoni, na muda mfupi baadaye matokeo hutoka yakiwa na sehemu tano: kuogelea, badiliko la kwanza, baiskeli, badiliko la pili na mbio. Mara nyingi sehemu mbili ndogo ndizo zinazosomwa kwa mshangao. Watu wawili waliokimbia na kuendesha sawasawa hupishana dakika tatu kwa sababu mmoja alitafuta soksi. Wanaotaka zaidi hupanda hadi masafa ya Olimpiki, na katika Afrika Mashariki kuna Ironman 70.3 ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, iliyoanza mwaka 2022: kilomita 1.9 majini, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460. Kutoka mita 750 hadi hapo watu wengi hujipa zaidi ya msimu mmoja, na sehemu kubwa ya muda huo huenda kwenye maji.