Waliohifadhiwa chini ya Paris

Vita ya Tatu ya Dunia imepita, Paris imeungua, na hewa ya juu imejaa mionzi inayoua. Waliosalia wamejichimbia chini ya jumba la Chaillot, ng'ambo ya mto Seine ukitokea mnara wa Eiffel. Hata huko chini kuna washindi na walioshindwa: wa kwanza wanalinda, wa pili ni wafungwa. Ndiyo hali anayotuingizia Chris Marker katika La Jetée, filamu yake ya mwaka 1962. Ina dakika 28 tu, na karibu yote ni picha mnato, nyeusi na nyeupe, zinazofuatana huku sauti moja ikisimulia.

Sidhani kama Marker aliokota tu jina la Chaillot. Ndani ya jumba hilo, tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu. Miaka 14 baadaye mkurugenzi huyu anawalaza watu chini ya sakafu hiyohiyo, wanachomwa sindano mpaka wengine wanakufa na wengine wanapoteza akili. Mtazamaji wa Paris hakuhitaji kuelezwa mengi. Vita ya Algeria ilikuwa imeisha mwaka huohuo, na habari za mateso waliyofanyiwa wafungwa kule zilishafika mezani kwake. Kujificha ardhini nako hakukuwa ndoto: Agosti 1944, kanali Rol-Tanguy wa upinzani wa Ufaransa aliongoza mapigano ya kuukomboa mji kutoka kwa Wajerumani akiwa katika handaki la Denfert-Rochereau. Wakuu wa kambi katika filamu wananong'ona kwa Kijerumani. Hawapigi kelele hata mara moja, na kwangu mimi hilo ndilo linalotisha kuliko mionzi.

Daktari wao ameigizwa na Jacques Ledoux, ambaye nje ya filamu alikuwa mkuu wa hifadhi ya taifa ya filamu mjini Brussels. Mtunza picha za zamani amepewa kazi ya kuwarudisha watu zamani! Anazungumza kwa upole, anaeleza sababu zake: chakula hakuna, dawa hakuna, nishati hakuna, na juu hakupandiki. Njia iliyobaki ni kupita katika wakati, kwenda kuomba msaada kwa walioishi kabla na watakaoishi baadaye. Anateuliwa mfungwa mmoja kwa kuwa kichwani mwake kuna picha isiyomtoka: akiwa mtoto, uwanja wa ndege wa Orly, aliona uso wa mwanamke kwenye roshani ya kutazamia ndege, kisha mwanamume akaanguka. Wanamlaza kwenye kitanda cha wavu kinachoning'inia, wanamfunika macho kwa vitambaa vyenye nyaya, wanamchoma sindano. Tunasikia moyo wake ukidunda.

Wengi huisimulia kama hadithi ya mapenzi, maana mfungwa anampata kweli mwanamke yule. Mimi naiona zaidi kama hadithi ya kuhifadhiwa. Miaka kadhaa kabla, Marker na Alain Resnais walitengeneza filamu kuhusu sanaa ya Afrika iliyofungiwa katika makumbusho ya Ulaya, ambayo wadhibiti wa Ufaransa waliizuia kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu iliushambulia ukoloni. Mojawapo ya maswali yake lilikuwa kwa nini sanaa ya Kigiriki iwekwe Louvre na ya Mwafrika iwekwe makumbusho ya Mwanadamu. Makumbusho hayo yamo Chaillot, jumba lilelile. Sasa mwanadamu mwenyewe ndiye aliyewekwa ghalani. Na wapenzi wetu wanapokwenda matembezi, wanakwenda kwenye makumbusho ya wanyama waliokaushwa, wanacheka mbele ya vioo vyenye ndege wasioruka.

Picha mnato zinafanya kazi hiyohiyo. Kila kitu kimetunzwa, hakuna kinachopumua. Isipokuwa mara moja. Mwanamke amelala kitandani, asubuhi, sauti za ndege zinazidi kupanda. Picha zinayeyukiana upesi zaidi na zaidi, kichwa kinageuka juu ya mto, mpaka ghafla anafumbua macho, anatutazama na kupepesa. Ni sekunde chache, filamu nzima haina mwendo mwingine. Kisha uso wa daktari unarudi.

Ambaye hajaitazama aishie hapa. Mfungwa anatumwa pia siku za mbele, anarudi na nishati ya kutosha kufufua viwanda vya dunia. Watu wa baadaye wanajitolea kumpokea, awe salama moja kwa moja. Anakataa, anaomba arudishwe Orly, kabla ya vita. Anapokimbia kwenye roshani kumfuata mwanamke, anamwona mlinzi wa kambi aliyemfuata toka kule chini, na anaelewa kwamba kifo alichokiona utotoni kilikuwa chake.

Mwaka 1995 Terry Gilliam aliichukua hadithi hii akatengeneza 12 Monkeys, akiwa na Bruce Willis na zaidi ya saa mbili za kuijaza. Ni filamu nzuri, ina vichekesho na virusi mahali pa bomu. Ila wakuu wake wa chini ya ardhi ni vituko, unawacheka. Wale wa Marker wanafanana na watu unaoweza kuwakuta ofisini Jumatatu asubuhi.