Utando unaoyeyuka wapa mfupa wa taya nafasi ya kujijenga

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta. Methali hiyo yamfaa kila anayekwenda kung'olewa jino, kwa kuwa jino litokapo, mfupa uliokuwa ukishikilia mizizi yake hukosa kazi na kuanza kunywea. Katika muda wa mwaka mmoja, ukingo wa taya mahali hapo waweza kupoteza takriban nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Baadaye, mgonjwa anayetaka jino bandia lililokitwa tayani huenda akaambiwa hana mfupa wa kulibeba.

Kiini cha tatizo ni mashindano ya seli. Seli za ufizi huongezeka upesi ilhali za mfupa hujikokota, hivyo nyama hulijaza pengo kabla ya mfupa. Mnamo 1982, Sture Nyman na wenzake nchini Uswidi walionyesha kwamba utando mwembamba ukiwekwa chini ya ufizi huizuia nyama hiyo, na tishu zinazoshikilia jino zikapata kujijenga upya. Hata hivyo, tando za awali hazikuyeyuka. Mgonjwa alipasuliwa tena ili ziondolewe.

Polima zinazoyeyuka mwilini zimeondoa adha hiyo. Polima ni molekuli ndefu zilizoungana mithili ya mnyororo. Zile za asidi ya laktiki na ya glikoliki, zinazotumika pia katika nyuzi za kushonea majeraha, hukatwakatwa na maji ya mwili, na hatimaye hugeuka maji na hewa ya kaboni inayotoka kwa pumzi.

Ugumu uko katika kupima muda. Utando ukiyeyuka mapema, ufizi hupenya. Asidi ikirundikana, uvimbe huzuka. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha uwiano wa asidi hizo, kwani laktiki ikizidi, utando hudumu zaidi.

Tando nyingine hutengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe au nguruwe, na mgonjwa ambaye dini yake yamkataza nguruwe ana haki ya kuuliza asili yake. Aidha, sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona.

Muhimu zaidi, daktari aulizwe kuhusu kuuhifadhi mfupa kabla ya koleo kuingia kinywani, wala si baada ya pengo kuzoeleka.