Jinsi tela linavyotii breki za lori

Msimu wa baridi, barabara za kuingia Stockholm, mji mkuu wa Sweden, huweza kufunikwa na barafu, na hapo breki za malori hujaribiwa.

Tela likichelewa kufunga breki, hukisukuma kichwa cha lori hadi gari likunjike katikati na kuziba barabara.

Ili kuepusha hatari hiyo, malori, yakiwemo ya kampuni ya Scania yenye makao yake Södertälje, karibu na Stockholm, huunganishwa na tela kwa mipira miwili ya upepo.

Mpira mwekundu hujaza upepo mtungi wa tela, na wa manjano hupeleka amri dereva anapokanyaga breki. Mwekundu ukikatika, tela hujifunga lenyewe.

Amri ya upepo huchelewa kufika nyuma, hivyo malori ya kisasa huituma pia kwa waya wa umeme. Waya usipochomekwa, upepo hubaki peke yake, na kinga dhidi ya magurudumu kuteleza huweza kukosekana.

Unyevu nao huganda ndani ya mipira, ndiyo maana malori huwa na kifaa cha kukausha hewa.

Kwa sababu hizo, dereva hupaswa kujaribu breki za tela kabla ya kuondoka.