Rusizi unaingia au unatoka?

Msomaji wa Simbo, Kigoma, anauliza: watu wawili wa kuaminika wakisema maneno yanayopingana, mtu makini afanyeje kabla ukweli haujajulikana? Ziwa la kwao, Tanganyika, lina kisa kinachofaa.

Mwaka 1858 wasafiri Burton na Speke walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi Machi, Sheikh Hamed bin Sulayyim alimwambia Speke kwamba kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Mwezi uliofuata, huko Uvira, wana watatu wa mtemi walimwambia Burton kwamba mto huo, Rusizi, unaingia ziwani. Wasafiri wakageuza bila kuufikia.

Basi daftarini mwao zimo kauli mbili: Rusizi unatoka; Rusizi hautoki. Mantiki ya kawaida ikikuta jozi hiyo hulipuka, tena kwa hatua tatu tu. Imeandikwa kwamba Rusizi unatoka. Kwa hiyo ni kweli pia kwamba "Rusizi unatoka au Simbo ni kisiwa", maana kauli ya "au" hutosheka na upande mmoja. Lakini imeandikwa kwamba hautoki. Futa upande huo. Kinachobaki: Simbo ni kisiwa! Kwa njia hiyo hiyo utathibitisha lolote upendalo.

Mwaka 1977 Mmarekani Nuel Belnap alionyesha pa kuzuia, na uzuri wa hatua yake haujanichosha mpaka leo. Kila kauli aliipa safu mbili, ya waliosema ndiyo na ya waliosema hapana. Hali zinakuwa nne: ndiyo tu, hapana tu, zote mbili, au kimya. "Rusizi unatoka" ina alama safu zote mbili. "Simbo ni kisiwa" haina hata moja. Kauli ya "au" ina ndiyo, sawa, lakini imeipata kwa nani? Kwa sheikh, na ushahidi wake ungali pale pale. Wana wa mtemi hawakuufuta. Wameongeza alama katika safu ya pili, basi. Hakuna kinachoisukuma ile ndiyo ihamie Simbo. Mlipuko unafia hatua ya tatu, na kurasa nyingine zote za daftari zinabaki salama.

Mantiki za namna hii, ambazo Jaśkowski wa Poland alizianza mwaka 1948 na da Costa wa Brazil akaziendeleza miaka ya 1960, naziita mantiki himilivu: zinahimili ukinzani bila kuushangilia. Ndugu zake, mantiki za uhusiano, hudai hitimisho liguse jambo lililomo kwenye hoja, kwa hiyo "Simbo ni kisiwa" haiwezi kuwa hitimisho la kauli zinazohusu Rusizi tu. Gharama ipo: kanuni ya kufuta upande mmoja wa "au" haitumiki tena kila mahali.

Novemba 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi Rusizi, wakauona unaingia. Hapo ndipo alama ya sheikh ilipostahili kufutwa, si kabla. Hospitali na ofisi zinazounganisha kumbukumbu za vituo vingi, ambako mtu mmoja hukutwa na tarehe mbili za kuzaliwa, zianze na daftari la Belnap.